Kutoka "Homa ya Kawaida" hadi "Amezidiwa": Majina, Vitenzi na Dharura ya Mtoto Mgonjwa Pembezoni mwa Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna Kiswahili cha wazazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam kinavyoyabainisha maradhi makali ya watoto, na namna ubainishaji huo unavyokutana au kupishana na matokeo ya utafiti wa kitabibu kuhusu dalili zinazotangulia kifo. Data za makala ni tafiti zilizochapishwa kuhusu homa kali za watoto nchini Tanzania na Kenya, zikisomwa kwa jicho la semantiki. Hoja inayojengwa ni kwamba lugha imeyapa majina maradhi yanayojitokeza kwa kishindo, hususani degedege, ilhali dalili mbili ambazo utafiti umezihusisha zaidi na kifo, yaani kupumua kwa shida na kufifia kwa fahamu, zimebaki katika vitenzi vya kila siku ambavyo si jina la ugonjwa wowote. Kwa kuwa tiba hutafutwa kwa jina, kilichobaki katika kitenzi huchelewa kufikishwa hospitali, na hata kikifika huweza kupotea katika maandishi ya mpokeaji.

Istilahi za msingi: homa, degedege, kitenzi cha dalili, dharura, rejista

1.0 Utangulizi

Mbande ni kijiji cha zamani kilichomezwa taratibu na mji, upande wa Chamazi, katika Wilaya ya Temeke. Mwanaanthropolojia Vinay Kamat alifanya huko utafiti wa muda mrefu kuhusu namna wazazi wanavyotafuta tiba ya homa za watoto, na mwaka 2006 alichapisha katika jarida la Social Science & Medicine makala ambayo kichwa chake kimejengwa juu ya kauli ya mzazi aliyedhani kwamba mwanawe alikuwa na homa ya kawaida tu. Kitabu chake kuhusu malaria na uhai wa watoto nchini Tanzania, Silent Violence, kilitoka mwaka 2013. Wasomaji wengi wa kazi hizo wamevutiwa na upande wa kijamii: nani ndani ya nyumba ana fedha, nani ana kauli ya mwisho, na ni lini mama anaweza kuondoka na mtoto bila kusubiri ruhusa. Makala haya yanaupokea upande huo kama ulivyo na kugeukia jambo dogo zaidi, nalo ni maneno yenyewe.

Swali linaloongoza ni hili: mzazi anaposema "homa ya kawaida", amefanya nini kwa mujibu wa lugha? Charles Frake, katika makala yake ya 1961 kuhusu Wasubanun wa Ufilipino, alionesha kwamba kuupa ugonjwa jina ni hatua inayoamua kitakachofuata. Mgonjwa hatibiwi kwa jinsi anavyojisikia bali kwa jinsi alivyotajwa. Hoja hiyo inaushikilia mjadala huu wote. Tofauti ni kwamba Frake alijishughulisha zaidi na majina na namna yanavyopangana, nami ninajishughulisha zaidi na yale ambayo hayakupata jina.

Mipaka ya kijiografia inahitaji neno moja. Kabla ya Ubungo kutengwa na Kinondoni, na Kigamboni kutengwa na Temeke, katikati ya muongo wa 2010, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na wilaya tatu tu, na tafiti nyingi zinazotajwa hapa zilifanywa kwa mipaka hiyo ya zamani. Kwa mzazi wa Mbande, Bunju au Mabwepande, hata hivyo, mpaka wenye maana ni umbali: zahanati iko karibu, hospitali za Temeke na Mwananyamala ziko mbali, na kati yake kuna daladala, bajaji au bodaboda, nauli ya kutafutwa usiku, na mtu wa kubaki na watoto wengine.

2.0 Homa na vijalizo vyake

Neno homa katika Kiswahili lina maumbo mawili ya matumizi. Likisimama peke yake hutaja joto la mwili na uchovu unaoandamana nalo. Likifuatwa na kihusishi cha -a unganifu na nomino nyingine, huzaa jina la ugonjwa mahususi: homa ya matumbo, homa ya uti wa mgongo, homa ya manjano, homa ya mapafu, homa ya dengue. Jina la mwisho lilienea sana jijini wakati wa mlipuko wa mwaka 2014 na ule wa 2019. Muundo ni mmoja. Nomino inayofuata hutaja kiungo kilichoshambuliwa, rangi inayoonekana au kisababishi.

Sasa tazama "homa ya kawaida". Kisarufi inakaa katika nafasi ileile. Kwa msikilizaji inasikika kama aina mojawapo ya homa, sawa na homa ya matumbo, wakati kwa hakika haitaji kiungo wala kisababishi. Inachotaja ni tathmini ya msemaji: kwamba hakuna lililotokea bado la kustusha. Muundo wa lugha umeigeuza tathmini kuwa jina, na jina likishapatikana tiba yake inajulikana: dawa ya kushusha homa kutoka duka la dawa, kumpangusa mtoto kwa maji, kusubiri asubuhi.

Lawama hapa haimwangukii mzazi. Homa nyingi za watoto kwa kweli hupita zenyewe, na mama aliyelea watoto wanne ameshaona homa za kutosha kujua hivyo. Tatizo ni kwamba tathmini iliyovikwa umbo la jina haibadiliki kirahisi. Jina la ugonjwa huwa la kudumu hadi lije jingine liliondoe. Tathmini ingepaswa kurudiwa kila baada ya saa chache. Mtoto aliyeitwa mwenye homa ya kawaida jioni hubaki na jina hilo usiku kucha, hata kama pumzi yake imebadilika.

Linaloliondoa jina hilo, mara nyingi, ni degedege.

3.0 Degedege

Wenyeji wa pwani hulihusisha neno degedege na dege, yaani ndege mkubwa au kiumbe kirukacho usiku. Utafiti wa Makemba na wenzake uliochapishwa mwaka 1996 kutoka Bagamoyo ulionesha kwamba degedege lilitambuliwa na wazazi kuwa ugonjwa unaojitegemea, hatari, na kwa wengi usiohusiana na malaria; lilielezwa kuwa linatokana na pepo au shetani, na mganga wa jadi alikuwa na nafasi kubwa katika tiba yake. Sehemu mbalimbali za pwani imeripotiwa pia imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa.

Imani hiyo ya sindano imedharauliwa mno na waandishi wa vipeperushi vya afya. Mimi naona ina mantiki yake, na mantiki hiyo inaeleweka vizuri zaidi ukiijua tabia ya ugonjwa wenyewe. Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano anaweza kutikisika mwili kwa sababu ya joto kali tu, na mtikisiko wa namna hiyo kwa kawaida hukoma wenyewe baada ya dakika chache. Mtoto akiogeshwa dawa za miti au kufukizwa katika dakika hizo, hutulia, na aliyemhudumia hupata sifa ya haki machoni pa waliokuwapo. Wanaofikishwa hospitali, kinyume chake, ni wale ambao mtikisiko haukukoma au uliwaacha bila fahamu, yaani wenye malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo. Hao huchomwa sindano, na miongoni mwao wapo wanaokufa. Mtazamaji makini asiye na darubini angefikia hitimisho gani? Amewaona wasiochomwa wakipona na waliochomwa wakifa. Kosa lake ni lilelile ambalo watafiti wa tiba hulikwepa kwa kuwagawa wagonjwa katika makundi kwa bahati nasibu: wagonjwa wa makundi mawili hawakuwa sawa tangu mwanzo.

Ni vema pia kutolikuza jambo la waganga wa jadi kupita kiasi. Uchunguzi wa de Savigny na wenzake huko Rufiji, uliochapishwa mwaka 2004 na kutumia mahojiano na familia baada ya vifo vilivyohusishwa na malaria, ulibaini kwamba wengi wa waliofariki walikuwa wamepelekwa kwanza kwenye huduma za kisasa. Kama wazazi walikwenda na bado watoto walikufa, basi maelezo ya kifo hayawezi kuishia kwa mganga. Inabidi kuuliza walikwenda lini, wakasema nini walipofika, na walisikiwaje.

Kwa upande wa lugha, degedege lina sifa tatu zinazolifanya liwe jina lenye nguvu. Kwanza, ni nomino moja isiyohitaji kijalizo. Pili, kinachotajwa kinaonekana na kila aliyepo, hata mtoto wa jirani. Tatu, lina mwanzo dhahiri: kabla ya dakika fulani halikuwapo, baada yake lipo. Ndiyo maana waandaaji wa miongozo ya afya walilichukua neno hili kama lilivyo ili kutafsiri dhana ya kitabibu ya mtukutiko wa mwili. Katika utaratibu wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kumhudumia mtoto mgonjwa kwa uwiano, ambao Tanzania ilianza kuutumia katika muongo wa 1990, degedege ni mojawapo ya dalili za hatari za jumla, pamoja na kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, na kulegea au kupoteza fahamu. Tathmini iliyochapishwa katika Lancet mwaka 2004 ilionesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika Morogoro Vijijini na Rufiji, ambako utaratibu huo ulitumika, kuliko Kilombero na Ulanga, ambako haukuwa umeanza.

Orodha hiyo ya dalili inastahili kusomwa tena kwa jicho la mwanaisimu. Dalili nne, moja tu ni nomino. Zilizobaki ni vitenzi.

4.0 Pumzi na kulegea

Mwaka 1995 Kevin Marsh na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine utafiti uliofanywa katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, ambako lugha ya mawasiliano kati ya wauguzi na wazazi ni pamoja na Kiswahili. Walifuatilia watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria. Watoto 64 walikufa, sawa na asilimia 3.5, na asilimia 84 ya vifo vilitokea ndani ya saa 24 za kulazwa. Viashiria vinne vilijitokeza kuwa vya msingi katika kutabiri kifo: kufifia kwa fahamu, kupumua kwa shida, upungufu wa sukari katika damu, na umanjano. Viwili vya kwanza ndivyo vilivyobeba uzito. Kati ya watoto 64 waliofariki, 54 walikuwa na fahamu iliyofifia, au kupumua kwa shida, au vyote viwili.

Degedege halimo kati ya viashiria hivyo vinne. Hii haina maana kwamba si dalili ya hatari. Mtoto aliyepata degedege anapaswa kupelekwa hospitali, kwa sababu nyumbani hakuna awezaye kutofautisha mtikisiko wa joto na ule wa malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo. Maana yake ni finyu zaidi: dalili inayoitisha mbio kuliko zote si ileile inayotangulia vifo vingi. Mtoto anayekufa mara nyingi ni yule aliyelala kimya, amelegea, akivuta pumzi ndefu za kina. Pumzi hizo si za mapafu kuugua peke yake. Damu imejaa asidi kwa sababu viungo havipati oksijeni ya kutosha, na mwili unajaribu kuipunguza asidi hiyo kwa kupumua kwa nguvu. Mtoto anaweza kupumua hivyo bila kikohozi hata kidogo.

Kiswahili kina maneno gani ya hali hii? Yapo mengi. Mtoto anahema, anatweta, anahemea juu juu, anakoroma, kifua kinaingia ndani, mbavu zinaonekana. Kwa fahamu: amelegea, anasinzia tu, hageuki akiitwa, macho yamegeuka, anaweweseka, amezimia. Msamiati huu si maskini, na unabainisha mambo ambayo fomu za hospitali huyabainisha kwa taabu. "Hageuki akiitwa" ni kipimo kamili cha fahamu katika maneno mawili.

Ila yote ni vitenzi, na vitenzi hivyohivyo hutumika kwa mtoto mzima. Mtoto aliyekimbia anatweta. Aliyeshiba anasinzia. Aliyechoka na jua amelegea. Kitenzi hueleza tendo na kumwachia msikilizaji kazi ya kuamua kama tendo hilo ni ugonjwa. Nomino kama degedege haimwachii mtu kazi hiyo. Hata majina machache yanayokaribia eneo hili hayatoshi: kichomi hutaja maumivu ya kuchoma kifuani, jambo ambalo mtoto wa mwaka mmoja hawezi kulisema, pumu hutaja ugonjwa wa kurudiarudia unaojulikana tayari katika familia, kifua, kama katika "anaumwa kifua", huchukuliwa kuwa kikohozi. Mtoto mwenye homa anayevuta pumzi za kina bila kukohoa hana jina lolote la kuitiwa. Anabaki na lile alilopewa jioni.

Kipo kitenzi kimoja kinachovuka mpaka huu, nacho ni "amezidiwa". Likitamkwa, nyumba huamka, fedha hutafutwa, jirani mwenye pikipiki hugongewa mlango. Ni neno la dharura kwa maana kamili. Lakini tuitazame mofolojia yake. Limetokana na kuzidi, katika kauli ya kutendwa: mgonjwa amezidiwa na ugonjwa. Ni neno la ulinganisho, linalodai kuwapo kwa hali ya awali ambayo sasa imepitwa, na kwa hiyo linaweza kusemwa tu na mtu aliyekuwapo awali. Mhudumu anayempokea mtoto usiku hawezi kulitumia kwa uchunguzi wake mwenyewe. Hana cha kulinganishia. Linalokuja baada yake katika ngazi ya ukali, yaani mahututi, ni neno la wodi, na mtoto huliingia akiwa tayari kitandani.

Utafiti wa FEAST ulifanywa katika eneo hilihili kati ya "amezidiwa" na "mahututi". Ulihusisha hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Ya Tanzania ilikuwa Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga. Waliosajiliwa walikuwa watoto wenye homa kali iliyoandamana na kufifia kwa fahamu au kupumua kwa shida, pamoja na dalili kwamba damu haifiki vizuri kwenye viungo. Ni dalili zilezile za Kilifi, safari hii bila sharti la malaria. Swali lilikuwa kama kuwatilia dripu ya haraka ya maji mengi, jambo lililokuwa likipendekezwa kimataifa na kutumika katika hospitali za nchi tajiri, kungeokoa maisha. Watoto 3,141 waligawanywa katika makundi matatu: dripu ya haraka ya albumini, dripu ya haraka ya maji ya chumvi, na uangalizi wa kawaida bila dripu ya haraka. Utafiti ulisimamishwa Januari 2011 kabla ya muda wake, na matokeo yakachapishwa mwaka huohuo. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya kundi la albumini, asilimia 10.5 ya kundi la maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa dripu ya haraka.

Matokeo haya yalishangaza dunia ya tiba, na mjadala wake unaendelea. Linalohusu makala haya ni jambo la pembeni kidogo. Hali iliyokuwa ikitibiwa kwa dripu hiyo huitwa, katika tafsiri za Kiswahili, mshtuko. Kwa mzazi, mshtuko ni hofu ya ghafla, au ule mruko wa mtoto anaposhtukashtuka usingizini, ambao wengi huuona kuwa mwanzo wa degedege. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe "ana mshtuko" huku amelala kimya anaambiwa kitu ambacho macho yake yanakikanusha. Katika dharura, ambapo ridhaa huombwa kwa dakika chache, tafsiri kama hiyo ina gharama. Ni afadhali kusema kwa vitenzi: damu haifiki vizuri mikononi na miguuni, gusa hapa, ni baridi.

5.0 Malaria

Sehemu hii itakuwa fupi, kwa kuwa jambo lake linajulikana. Kwa miongo kadhaa elimu ya afya iliwafundisha wazazi kuichukulia homa ya mtoto kuwa malaria na kuitibu mapema. Klorokwini ilitumika hadi mwaka 2001, ikafuatwa na dawa za aina ya SP, na baada ya mwaka 2006 na dawa ya mseto. Somo lilieleweka. "Homa ya malaria" ilifupishwa kuwa "malaria", na "nina malaria" ikawa namna ya kawaida ya kusema "nina homa". Hata ukali uliingizwa katika jina hilo: "malaria imepanda kichwani".

Kisha utafiti ukaligeuka somo hilo. Mwaka 2004 Reyburn na wenzake walichapisha katika BMJ matokeo kutoka hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania: kati ya wagonjwa 4,474 waliotibiwa kama wenye malaria kali, 2,062 tu, sawa na asilimia 46.1, walikuwa na vimelea katika damu. Mwaka 2014 D'Acremont na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 1,005 wenye homa, waliotibiwa kama wagonjwa wa nje Dar es Salaam na Ifakara. Maambukizi ya njia ya hewa yalipatikana kwa asilimia 62.2 ya watoto hao. Malaria kwa asilimia 10.5.

Kwa maneno mengine, jina lililotawala lilikuwa sahihi kwa takribani mtoto mmoja kati ya kumi, na eneo la mwili lililohusika zaidi lilikuwa lilelile la pumzi, ambalo lugha ya wazazi imeliacha katika vitenzi. Kipimo cha haraka cha malaria kilipoenezwa jijini, matumizi ya dawa za malaria yalipungua kwa robo tatu katika vituo vilivyochunguzwa, lakini matumizi ya antibayotiki yalipanda. Jina moja lilipoondolewa, lingine lilitafutwa kujaza nafasi. Kwa mtazamo wangu hilo ni tukio la kiisimu sawa na lilivyo la kitabibu: mfumo unaodai jina hauwezi kumruhusu mtoto aondoke bila jina.

6.0 Rejista na swali la mpokeaji

Mfumo huo una umbo la karatasi. Rejista ya wagonjwa wa nje ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ni daftari la safu wima. Kuna safu ya umri, ya jinsi, ya makazi, ya ugonjwa uliotambuliwa, ya tiba. Safu ya ugonjwa hupokea nomino. Mama akisema "tangu jana hanyonyi, na usiku amekuwa akihema", tabibu mwenye foleni ndefu nje ya mlango ataandika neno moja au mawili. Vitenzi vya mama huishia hapo. Mtoto akipewa rufaa, karatasi ya rufaa husafiri na nomino hiyo, na hospitali ya rufaa huanza na nomino, wakati kilichohitajika ni kujua kwamba alikuwa akinyonya juzi na leo hanyonyi.

Tangu kufunguliwa kwa idara ya magonjwa ya dharura katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2010, ambayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika hospitali za umma nchini, utaratibu wa kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao badala ya zamu ya kufika umezidi kufahamika. Utaratibu huo, kwa asili yake, unauliza vitenzi: anapumuaje, anaitika, anaweza kukaa? Lakini upo mwisho wa safari. Mtoto wa Mbande hukutana na swali la nomino mara mbili au tatu kabla ya kulifikia swali la kitenzi.

Ushahidi kwamba jambo hili linaweza kubadilishwa katika ngazi ya chini unatoka Dar es Salaam kwenyewe. Utafiti wa Keitel na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017 katika PLoS Medicine, ulihusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa katika vituo tisa vya wagonjwa wa nje jijini. Wahudumu wa kundi moja walitumia programu ya tableti iitwayo ePOCT, iliyowaongoza hatua kwa hatua katika kuuliza, kutazama na kupima, pamoja na kupima oksijeni kwa kifaa cha kidoleni na vipimo vichache vya damu. Kundi la pili lilitumia programu ya awali iliyofuata miongozo iliyokuwapo. Hadi siku ya 7, tiba ilishindwa kwa asilimia 2.3 ya watoto wa kundi la kwanza na asilimia 4.1 ya wa kundi la pili. Walioandikiwa antibayotiki walikuwa asilimia 11.5 na 29.7, na katika huduma ya kawaida iliyotazamwa kwa ulinganisho kiwango kilikuwa asilimia 94.9.

Mafanikio hayo huelezwa kwa kawaida kuwa ya teknolojia. Sikatai, kifaa cha kidoleni huona upungufu wa oksijeni ambao jicho halioni. Hata hivyo sehemu kubwa ya kazi ya programu hiyo ni kumlazimisha mhudumu apite kwenye maswali kabla ya kuruhusiwa kuandika jina. Nomino imewekwa mwisho wa mlolongo. Hilo linaweza kufanywa pia kwa kalamu, kwa safu moja zaidi kwenye karatasi ya rufaa, itakayoachwa wazi kwa maneno ya aliyemleta mtoto kama alivyoyasema, pamoja na saa aliyoanza kuyaona.

Inafaa kukumbuka kwamba maswali ya namna hii tayari yameandaliwa kwa Kiswahili kwa ajili ya kazi nyingine. Mahojiano ya kutafuta sababu ya kifo, yaliyotumika nchini tangu muongo wa 1990 ikiwa ni pamoja na baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam, humwuliza mfiwa kwa vitenzi: alikuwa akipumua haraka? kifua kilikuwa kikiingia ndani? alipoteza fahamu? kwa muda gani? Watafiti waliyachagua maneno hayo kwa sababu walijua kwamba familia haitakuwa na jina sahihi la ugonjwa, ila itakumbuka kilichoonekana. Sababu hiyohiyo inatosha kuyapeleka maswali hayo dirishani pa zahanati.

Kizuizi kimoja hakijapatiwa dawa katika makala haya. Mbagala, Chamazi, Bunju na Mabwepande ni maeneo ya wahamiaji. Wako waliotoka Lindi na Mtwara, wako wa mikoa ya bara, na Kiswahili cha wengi wao ni lugha ya pili iliyokua juu ya lugha nyingine za mama. Haijawa dhahiri kwamba kuhema na kutweta hugawana maana kwa namna moja katika nyumba hizo zote, wala kwamba "amelegea" kwa mzazi wa Bunju huanza katika kiwango kilekile cha udhaifu kama kwa mzazi wa Mbande. Kabla kitenzi hakijawekwa kwenye fomu kama kiashiria cha dharura, mipaka yake inapaswa kupimwa kwa wazazi wa pande zote mbili za jiji, wakioneshwa picha za video za watoto wanaopumua kwa namna mbalimbali na kuombwa kusema wanachokiona.